Programu ya picha isipoziona picha zilizo kwenye diski ya mtandao: tengeneza njia kabla hujagusa katalogi

Jumatatu moja, baada ya harusi tuliyopiga Ujiji, kijana ninayefanya naye kazi alifungua kompyuta ya studio kabla sijafika. Nilipoingia nilimkuta amesimama, mkono kichwani. "Dada, picha za harusi zimepotea zote." Kwenye skrini kila kijipicha kilikuwa na alama ya mshangao pembeni, na folda zote zimepauka zikiwa na alama ya kuuliza. Kwa kutaka kuniokoa, alikuwa ameshazifuta kwenye programu ili aziingize upya.

Picha zenyewe zilikuwa salama. Hakuna hata moja iliyotoka kwenye diski ya mtandao, yaani kile kiboksi chenye diski kilichochomekwa kwenye rauta ili kompyuta zote za studio zikitumie. Kilichopotea ni kazi yetu ya siku mbili: nyota tulizozipa, picha 300 tulizochagua kati ya 1,400, rangi tulizorekebisha, majina ya wazee wa pande zote mbili tuliyoyaandika chini ya picha. Bibi harusi alisubiri albamu yake wiki nzima ya ziada, na mimi ndiye niliyempigia simu kumwomba radhi.

Tangu siku hiyo nimeitwa kwenye studio kadhaa hapa Kigoma mjini, Mwanga na Gungu, kwa shida ileile. Mara nyingi picha zipo, na njia ya kuzifikia ndiyo iliyokatika. Kwa hiyo nitakupitisha hatua kwa hatua, kwa utaratibu ninaoufuata mwenyewe.

Kabla ya yote: usifute, usiingize upya, usihamishe

Programu kama Lightroom Classic au digiKam hazimezi picha zako. Zinaweka daftari, ndilo linaloitwa katalogi au hifadhidata. Humo imeandikwa kila picha inakaa diski gani, folda gani, kwa jina gani, na umeifanyia nini. Ukimwelekeza mgeni nyumbani kwako Katubuka kwa kumtajia mwembe mkubwa, halafu mwembe ukakatwa, nyumba bado ipo palepale. Mgeni ndiye hatafika. Programu ni huyo mgeni.

Ukifuta picha kwenye daftari na kuziingiza upya, unachana kurasa zenye kazi yako. Ukihamisha folda kwa mkono wakati programu haioni, unakata mwembe wa pili. Basi funga programu kwanza, uitengeneze njia ikiwa imefungwa.

Hatua ya 1: Je, kompyuta yenyewe inaiona diski?

Fungua dirisha la kawaida la mafaili, si programu ya picha. Nenda kwenye diski ya mtandao, wengi wameipa herufi Z, ingia kwenye folda ya kazi iliyopotea, ufungue picha moja kwa kuibofya mara mbili. Subiri hadi ijae skrini.

Ikifunguka, mtandao ni mzima. Ruka hadi hatua ya 5. Usipoiona diski kabisa, endelea na hatua ya 2. Ukiiona lakini unaambiwa huna ruhusa, nenda hatua ya 4.

Jaribu hivyohivyo kwenye kompyuta ya pili kama unayo. Kompyuta moja ikiona na nyingine isione, usikiguse kiboksi cha diski. Kasoro iko kwenye ile isiyoona.

Hatua ya 2: Umeme, rauta na anwani

Hapa ndipo penye asilimia kubwa ya kesi zetu za Kigoma, kwa hiyo nitakaa kidogo. Kwa miaka mingi umeme wetu ulitoka kwenye majenereta ya dizeli, na kukatika kwake tumekuzoea kiasi kwamba ukirudi tunawasha vitu vyote kwa mpigo na kuendelea na kazi. Diski ya mtandao haipendi hivyo.

Umeme unaporudi, rauta huanza kugawa anwani kwa vifaa vyote. Kiboksi cha diski kilichokuwa na anwani 192.168.1.20 jana kinaweza kuamka leo na 192.168.1.34. Kompyuta yako inaendelea kubisha hodi mlango wa zamani, ambako hakuna mtu.

Angalia kwanza kompyuta imeunganishwa na mtandao gani. Nimewahi kutumia saa nzima kukagua kiboksi, kumbe asubuhi hiyo mwenye studio alikuwa amewasha hotspoti ya simu ili atume picha kwa mteja, na kompyuta ikabaki huko. Kompyuta iliyo kwenye hotspoti ya simu haiwezi kuiona diski iliyochomekwa kwenye rauta ya studio. Na ieleweke: diski ya mtandao wa ndani haihitaji bando. Hata intaneti ikiwa imekatika, picha lazima zifunguke, kwa sababu zinapita kwenye rauta na waya wako tu.

Kisha fungua dirisha la amri la Windows, uandike:

ping 192.168.1.20

Weka anwani ya kiboksi chako. Ukijibiwa na muda wa milisekunde, yupo mtu anayeitika. Hakikisha tu kwamba anayeitika ni kiboksi chako na si simu ya mtu iliyopewa ile anwani ya zamani. Usipojibiwa, ingia kwenye ukurasa wa rauta, tafuta orodha ya vifaa vilivyounganishwa, uone kiboksi kimepewa anwani gani leo. Kisipokuwepo kabisa, kagua waya na taa zake.

Ukishaipata anwani, usiishie kuibadilisha kwenye kompyuta, maana umeme ukikatika tena utarudi hapohapo. Kwenye ukurasa huohuo wa rauta kuna mahali pa kufunga anwani moja kwa kifaa kimoja. Rauta hukitambua kiboksi kwa namba yake ya kudumu, ile ya herufi na tarakimu 12 ambayo mara nyingi hubandikwa chini ya kiboksi au nyuma yake. Funga anwani hiyo, uiandike kwa kalamu kwenye karatasi, uigandishe juu ya kiboksi. Kazi hiyo haizidi dakika kumi na itakuondolea nusu ya usumbufu huu.

Umeme unaporudi, washa kwa mpangilio: rauta kwanza, dakika mbili tatu baadaye swichi (kifaa cha kugawia nyaya za mtandao) kama unayo, halafu kiboksi cha diski hadi taa yake itulie, kompyuta mwisho.

Hatua ya 3: Herufi ya diski

Ping inajibu lakini Z haifunguki? Andika kwenye dirisha la amri:

net use

Utaona orodha ya diski za mtandao na hali zake. Kama Z haipo au imeshikilia anwani ya zamani, iondoe, uiweke upya, ukibadilisha anwani na jina la folda kulingana na vyako:

net use Z: /delete
net use Z: \\192.168.1.20\picha /persistent:yes

Windows ikikataa itakupa namba ya kosa. Usiipuuze. 53 maana yake njia haikupatikana, rudi hatua ya 2. 1326 ni jina au nywila isiyo sahihi. 5 ni kunyimwa ruhusa. 1219 inawasumbua wengi: inasema umeshaunganishwa na kiboksi hichohicho kwa jina jingine la mtumiaji. Vunja miunganisho yote ya kiboksi hicho, kisha unganisha kwa jina moja tu.

Herufi iwe ileile kwenye kompyuta zote za studio. Ya mapokezi ikiwa na Z na ya uhariri ikiwa na Y, siku utakapohamisha katalogi kutoka moja kwenda nyingine, kila picha itaonekana imepotea.

Jambo jingine: ukiifungua programu ya picha kwa mamlaka ya msimamizi wa kompyuta, kwa kawaida haitaziona diski za mtandao ulizounganisha ukiwa mtumiaji wa kawaida. Kwenye dirisha la mafaili Z ipo, ndani ya programu haipo. Ifunge, uifungue kwa kubofya kawaida.

Na kama picha zako hazikai kwenye kiboksi bali kwenye kompyuta nyingine ya Windows, angalia kitu kimoja baada ya kubadilisha rauta. Windows huuchukulia mtandao mpya kuwa wa hadharani, ikafunga mlango wa kushirikisha folda. Ubadilishe uwe mtandao binafsi kwenye kompyuta inayotunza picha.

Hatua ya 4: Nywila na ruhusa

Ikiwa tatizo limeanza baada ya Windows kujisasisha, huenda kiboksi chako kilikuwa kinaruhusu mtu kuingia kama mgeni, bila nywila. Windows 11 Pro toleo la 24H2 haikubali tena mlango huo wa mgeni, na inadai mawasiliano yawe na saini ya usalama. Dawa ni kuingia kwenye mipangilio ya kiboksi, kufungua akaunti yenye jina na nywila, na kuitumia hiyo.

Viboksi vya zamani sana vina shida nyingine: vinazungumza SMB toleo la 1 peke yake, lugha ya kushirikisha mafaili ambayo Windows 10 iliacha kuja nayo kuanzia toleo la 1709 la mwaka 2017. Watu watakushauri uirudishe. Mimi nakukataza. Virusi vya WannaCry vya Mei 2017 vilipita kwenye udhaifu wa lugha hiyohiyo na kufunga mafaili ya watu dunia nzima, na mafaili yako ni harusi na misiba ya watu. Sasisha programu ya kiboksi. Kisiposasishika, hamisha picha ununue kingine.

Kuna kasoro ya ruhusa ambayo haipigi kelele. Picha zinafunguka vizuri, unaweka nyota, unaandika majina, lakini kwenye kompyuta nyingine havionekani, au programu inalalamika kwamba haikuweza kuandika kwenye faili. Maana yake una ruhusa ya kusoma bila ya kuandika. Jaribu hivi: ndani ya folda ya picha, tengeneza faili tupu la maandishi uliite jaribu, libadilishe jina, kisha lifute. Ukikwama popote kati ya hayo matatu, rekebisha ruhusa kwenye kiboksi. Jaribio hilo lifanye kwa jina la mtumiaji lilelile unalofanyia kazi, si kwa jina la msimamizi, maana la msimamizi hupita kila mahali.

Hatua ya 5: Ielekeze programu njia mpya

Sasa diski inaonekana. Ukiwa umerudisha herufi ileile na folda ileile, fungua programu. Mara nyingi picha zitarudi zenyewe bila wewe kugusa kitu. Hii ndiyo sababu nilikukataza kufuta.

Zisiporudi, kwenye Lightroom Classic tazama upande wa kushoto kwenye orodha ya folda. Kitaa kidogo kando ya jina la diski kikiwa cha kijivu, programu bado haiioni diski, rudi nyuma. Kikiwa cha kijani na folda bado zina alama ya kuuliza, bofya kulia kwenye folda ya juu kabisa, chagua amri ya kutafuta folda iliyopotea, uioneshe ilipo. Anza na ya juu kabisa, ile inayobeba nyingine zote, nazo zitafuata. Kama hiyo ya juu haionekani kwenye orodha, kwenye menyu ya kubofya kulia ipo amri ya kuonesha folda mama. Nimeona mtu anaonesha folda moja moja, mia na kitu, hadi usiku.

digiKam inagawa makusanyo ya picha katika aina tatu: ya diski ya ndani, ya diski za kuchomeka na kuchomoa, na ya mtandao. Hakikisha kusanyo lako liko kwenye hiyo ya tatu. Likiwa limesajiliwa kama la ndani, litasumbua kila mara. Na programu ikikuuliza ufanye nini na kusanyo lisiloonekana, chagua kutofanya lolote hadi utengeneze njia.

Wanaotumia Linux, hapa mniangalie vizuri. Diski ya mtandao huunganishwa juu ya folda tupu ya kompyuta. Ikishindwa kuunganishwa, ile folda tupu inabaki palepale. Programu inaingia, inakuta folda ipo na haina kitu, inaamini umefuta picha zote, inaanza kuziondoa kwenye daftari. Kinga yake ni rahisi: usisajili folda ya kuunganishia yenyewe. Ndani ya diski tengeneza folda nyingine, mathalani "kazi", na usajili hiyo. Diski isipokuwepo, "kazi" nayo haipo, programu itasema kusanyo halipatikani na kuacha kila kitu kama kilivyo.

Picha mpya zilizowekwa kwenye diski na kompyuta ya pili zisipojitokeza, si kosa. Taarifa za mabadiliko ya mafaili mara nyingi hazivuki mtandao. Iamuru programu isome folda upya.

Hatua ya 6: Inafunguka, lakini inatambaa

Wengi huanza kulaumu programu au kununua kompyuta mpya. Kagua waya kwanza.

Picha moja ya RAW, ile ghafi kama ilivyotoka kwenye kamera, ina takriban MB 25. Harusi ya picha 800 ni GB 20. Mtandao wa megabiti 100 kwa sekunde unapitisha kama MB 11 kila sekunde, kwa hiyo harusi hiyo itachukua nusu saa. Mtandao wa gigabiti unapitisha kama MB 110. Ni dakika tatu. Kwa waifai hesabu inapanda na kushuka, hasa studio ikiwa na kuta nene au watu wengi wakiwa na simu. Kompyuta ya uhariri iunganishe kwa waya.

Kisha angalia kasi halisi kwenye taarifa za kadi ya mtandao ya Windows. Ukiona 100 wakati rauta na kompyuta zote ni za gigabiti, shuku waya. Studio moja ya Mwanga ilikuwa na shida hiyo miezi. Niliufuata waya kutoka nyuma ya kompyuta hadi kwenye kabati la nguo za kupigia picha. Pale ulipopita chini ya mguu wa kabati ganda lilikuwa limechubuka. Nililifungua kwa wembe: waya mwembamba wa kahawia umekatika kabisa, mingine saba mizima. Gigabiti inahitaji nyaya zote nane zilizo ndani. Megabiti 100 zinatosheka na nne, za jozi ya chungwa na jozi ya kijani. Ndiyo maana mtandao haukukatika, ulishuka tu kimyakimya. Tulinunua waya mpya wa Cat5e, tukaupitisha juu ya ukuta, na jioni hiyohiyo wakahariri send-off bila kusubiri.

Ikiwa programu inaganda kwa sekunde chache tu asubuhi au baada ya chakula cha mchana, kisha inaendelea vizuri, hiyo ni diski iliyolala inaamka. Ongeza muda wa kulala kwenye mipangilio ya kiboksi.

Unaotumia Lightroom Classic, tengeneza vijipicha mahiri (Smart Previews) vya kazi unayoihariri. Ni nakala ndogo zenye pikseli 2,560 upande mrefu, zinakaa kwenye kompyuta yako pamoja na katalogi. Utahariri hata diski ikiwa imezimwa, na ikirudi mabadiliko yataungana na picha halisi.

Hatua ya 7: Daftari likae nyumbani

Picha zikae kwenye diski ya mtandao. Katalogi ikae kwenye diski ya ndani ya kompyuta. Lightroom Classic hukataa kabisa kufungua katalogi iliyo kwenye diski ya mtandao. digiKam haikatai kwa ukali huo, lakini usijaribu. Daftari lake la kawaida, faili digikam4.db, ni la SQLite, hifadhidata inayokaa ndani ya faili moja, kama lilivyo la Lightroom, na SQLite hutegemea kufuli za mafaili ambazo kwenye mtandao si za kuaminika. Kompyuta mbili zikiandika kwa pamoja, au umeme ukikatika katikati ya kuandika, daftari linaharibika, na hapo ndipo kazi inapotea kweli. Mkihitaji watu wawili kutumia digiKam kwa daftari moja, wekeni hifadhidata ya MariaDB au MySQL kwenye seva. Hiyo imeundwa kwa ajili ya wengi.

Iruhusu pia programu iandike nyota, majina na marekebisho kwenye mafaili ya XMP, yale madogo ya maelezo yanayokaa kando ya picha. Laiti tungekuwa tumefanya hivyo kabla ya harusi ya Ujiji, tungerudisha karibu kila kitu.

Kiboksi na rauta vichomeke kwenye UPS moja, yaani betri ya akiba ya umeme. Haihitaji kuwa kubwa. Iwe na nguvu ya kutosha kiboksi kipate muda wa kujizima kwa utaratibu, na kiboksi hicho kiunganishe na waya wa USB wa UPS kama kinaupokea, ili kijue umeme umeondoka.

Kiboksi chenye diski mbili zinazoandikwa sawasawa kinakulinda dhidi ya kufa kwa diski moja tu. Ukifuta folda kwa bahati mbaya, inafutika kote kuwili sekunde hiyohiyo. Kwangu kuna picha za familia za wafanyakazi wa reli nilizoskani, na za MV Liemba ikiwa gatini, meli iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913 na kushushwa majini hapahapa Kigoma mwaka 1915. Hakuna wa kunipigia tena zile za zamani. Kila Ijumaa jioni nachomeka diski ya nje, nanakili kazi za wiki pamoja na katalogi programu ikiwa imefungwa, nafungua picha tano za kubahatisha kutoka kwenye nakala kuona kama zinafunguka, kisha diski hiyo naondoka nayo kwenda nyumbani. Haibaki studio.